Ethanoli ya miti: kikwazo ni sumu

Dereva anayejaza petroli Scarborough, mashariki mwa Toronto, aghalabu hununua pia ethanoli, itokanayo zaidi na mahindi. Jimbo la Ontario limeagiza wastani wa asilimia 11 kuanzia mwaka 2025, na 15 ifikapo 2030.

Kwa Waafrika Mashariki, ambao mahindi ndiyo ugali wao, swali ni kwa nini miti isitumike badala yake.

Miti ikipikwa kwa asidi hutoa sukari, lakini hutoa pia furfurali, sumu inayodhoofisha hamira kabla haijaigeuza sukari kuwa ethanoli.

Mwaka 2004, watafiti wa Uhispania na Marekani waliripoti kuvu aina ya Coniochaeta ligniaria, inayokula sumu hiyo. Hata hivyo, hula na sukari. Isipozuiwa mapema, faida hupotea.

Usafi huo usipokuwa rahisi, mahindi yataendelea kugombewa na sahani na tangi la gari.