Mfangano Haijalala, Ni Wewe Umefika Mchana

Wasee, tuambiane ukweli. Hii mambo ya kushuka Mbita na begi moja, kuvuka hadi Mfangano, kulala siku tatu halafu kurudi Nairobi ukitangaza "kisiwa kimetulia, hakuna stresi, maisha ni bei ya chini" imenichosha. Na siongei kama mtakatifu. Klipu yangu ya kwanza ya huko ilikuwa hivyo hivyo.

Niliipiga saa sita mchana. Ufuo mtupu, boti zimevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, mbwa amelala kivulini. Nikaandika: "Huku saa imesimama." Jioni mama aliyenipangishia chumba akaniuliza nimeandika nini. Nilipomsomea, alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyathina, wanaume walikuwa wamelala. Walitoka ziwani asubuhi."

Ndio hivyo. Omena inavuliwa usiku, hasa wakati hakuna mwezi. Taa zinawashwa juu ya maji, omena inafuata mwangaza, nyavu zinavutwa. Boti zikirudi asubuhi, zamu ya akina mama inaanza: kununua, kuanika, kugeuza, kuchungulia mawingu. Mvua ikinyesha kabla omena haijakauka, bei inaanguka, na mzigo uliokuwa wa kuliwa na watu unauzwa kuwa chakula cha kuku.

Sasa niambie, ukimkuta soja wa usiku amelala mchana kwake Pipeline, utampiga video useme Pipeline ni mahali pa amani? Huwezi. Basi mbona Mfangano usingizi wa mtu aliyekesha kazini unageuka kuwa mandhari yako?

Na msiniambie eti utulivu ni asili ya visiwa. Ziwa ni hili hili moja. Nenda upande wa Migori uone Migingo: mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, mabati yamebanana hadi ukingoni, na Kenya na Uganda zimekuwa zikiuvutania, hasa tangu 2009. Kwa nini? Samaki. Mbuta wako karibu, watu wakafuata. Kisiwa hutulia au huchemka kulingana na kazi iliyoko, na kazi ndiyo sisi hatupigi picha.

Halafu hii "bei ya chini." Nimemwona kijana wa rika langu akibishana na mwenye boti kwa sababu ya shilingi hamsini, simu ikirekodi, akijiita mjanja wa safari. Baadaye analalamika kwamba boti imechelewa kutoka. Kaka, boti inangoja ijae kwa sababu petroli haigawanywi na maombi. Hiyo hamsini uliyoipigania ungeimaliza Westlands kabla kahawa haijapoa, na huko hubishani na mtu.

Najua mtakachosema. "Sisi ni wanafunzi, hatuna doo." Sawa, hata mimi sina. Kukosa pesa si dhambi. Lakini kusafiri kwa pesa kidogo maana yake upunguze starehe zako mwenyewe, si jasho la mwenzako. Lala chumba kisicho na feni. Panda boti ya abiria badala ya kukodi ya peke yako. Kula samaki kibandani badala ya kubeba noodles kutoka supamaketi ya Nairobi. Halafu lipa bei uliyoambiwa.

"Lakini si tunawatangaza?" Mnatangaza nini? Mkipita Rusinga, mnajua kaburi la Tom Mboya liko hapo? Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba, Mawanga na Kwitone, miduara myekundu na myeupe. Kuna makumbusho ya Abasuba. Kuna lugha ya Kisuba inayomezwa na Kiluo mbele ya macho yetu, na wazee ambao bado wanaizungumza. Klipu zenu zina machweo kumi na moja na hazina mtu hata mmoja mwenye sauti.

Kusafiri polepole si kulala kwenye hamaki siku tatu. Ni kukaa mpaka ujue nani anaamka saa ngapi. Keti ufuoni usiku uone zile taa ziwani, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Asubuhi muulize mama kama unaweza kumpiga picha. Akikataa, weka simu mfukoni umsaidie kugeuza omena.

Ile klipu yangu sikuifuta. Nilibadilisha maneno tu: "Saa sita mchana. Watu wamelala, walikesha kazini." Watazamaji walipungua. Lakini nilipomsomea yule mama, safari hii hakucheka. Aliniuliza nitarudi lini.