Dalali Hakukaa Pale Bure

Safu ya KIPIMO
Na Salma Kirenga

Katika mashindano ya ubunifu ya ukanda wetu, kuanzia Dar es Salaam mpaka Kampala, kuna wazo moja ambalo halikosekani. Kijana anapanda jukwaani, anaonyesha picha ya mkulima na gunia lake, kisha picha ya mlaji wa mjini akilalamikia bei, na katikati yao amesimama dalali. Suluhisho lake ni programu ya simu ya kumwondoa huyo wa katikati: mkulima aione bei ya soko, mnunuzi ampate mkulima, biashara ifanyike. Ukumbi unapiga makofi. Majaji, wengi wao watoto wa wakulima, wanaguswa kweli. Miezi kadhaa baadaye ukipiga namba iliyo kwenye kipeperushi, haipatikani.

Nimelifuatilia wazo hili kuliko wazo lingine lolote la vijana wetu, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali ambalo wasomaji huniuliza mara kwa mara: mbona kampuni changa zinakufa kwa wingi, tena zikiwa na vijana wenye akili na bidii? Wengi husema ni mtaji. Sikubaliani. Fedha ikiingia kwenye wazo lenye kasoro, inachelewesha kifo tu. Kasoro yenyewe huingia mapema, pale kijana anapoamua tatizo ni nini kabla hajakaa na watu wanaoishi nalo.

Tuchukue nyanya. Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ni moja ya sehemu zinazolilisha nyanya jiji la Dar es Salaam. Nyanya ikishaiva haimsubiri mtu. Kutoka huko mpaka soko la Ilala ni zaidi ya kilomita 400. Fuso linapakia jioni, linatembea usiku kucha, linafika alfajiri, na jua likishapanda bei si ile ya alfajiri tena. Sasa mfuate dalali katika mzunguko huo uzihesabu kazi zake. Alimkopesha mkulima pesa ya dawa na mbolea kabla ya mavuno, bila hati wala dhamana. Ndiye aliyeleta matenga. Ndiye anayejua mashamba gani yameiva wiki hii ili gari lijae, maana gari nusu ni hasara. Anajua dereva gani hulala njiani. Anazitenga nyanya ngumu za kusafiri na laini za kuuzwa hapohapo. Mzigo ukifika Ilala ukakuta magari mengine yamejipanga, yeye ndiye anayemfahamu mama wa kuchukua matenga mawili leo na kulipa kesho. Na siku mzigo unapoharibika, naye anaumia.

Programu ya kijana wetu inafanya ipi kati ya kazi hizo? Inatangaza bei. Lakini bei mkulima anaijua: ana simu, na ana shemeji yake Ilala. Kinachomfunga ni kwamba alishakula pesa ya dalali tangu nyanya zikiwa kitaluni, na mwakani ataihitaji tena. Ukimwambia auze kwingine kwa bei nzuri zaidi, unamwambia avunje uhusiano na mtu pekee anayemkopesha.

Simtetei dalali. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ni wizi unaofanyika mchana kweupe, Sheria ya Vipimo inaukataza, na bado magunia yanaendelea kushonewa vilemba. Mkopo wa dawa unaolipwa kwa mavuno yaliyopangiwa bei na mkopeshaji ni unyonyaji, na unaniuma. Ndiyo maana nataka uvunjwe na mtu aliyeuelewa. Anayetaka kumwondoa dalali awe tayari kufanya kazi zake zote, au achague moja aifanye vizuri kumzidi: mkopo wa pembejeo wenye masharti yanayosomeka, au matenga yasiyoponda nyanya, au kazi ya kukusanya mizigo midogo mpaka gari lijae. Kila moja kati ya hizo inatosha kuwa kampuni.

Nairobi wamelijaribu hili kwa upana kuliko sisi. Twiga Foods ilianza mwaka 2014 na ndizi peke yake, ikinunua kwa wakulima na kuwapelekea wauzaji wa vibandani. Haikuchukua muda waanzilishi wakaona kwamba simu ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Iliwabidi wawe na maghala, vyumba vya kuivishia ndizi, magari na watu wa kuagiza na kugawa. Kwa maneno mengine, walilazimika kufanya kazi za dalali, moja baada ya nyingine, kwa gharama ya kampuni rasmi inayolipa kodi na mishahara. Waliaminiwa na wawekezaji wakubwa. Mwaka 2019 walipata dola milioni 30 katika mzunguko ulioongozwa na Goldman Sachs. Hata hivyo, mwaka 2023 kampuni ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 200. Sisemi wazo lao lilikuwa baya. Nasema kwamba hata walioielewa kazi waliona jinsi ilivyo ghali, sembuse anayedhani ni suala la kutangaza bei.

Hapo ndipo kuna kasoro ya pili, nayo haizungumzwi sana kwa sababu haina mvuto jukwaani: hesabu ya oda moja. Copia, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2013, iliwaelewa wateja wake vizuri kuliko kampuni nyingi za mtandaoni. Haikumtaka mama wa kijijini awe na simu janja. Alikwenda kwa wakala anayemjua, mara nyingi mwenye duka, akaagiza sukari, sabuni au godoro, mzigo ukaletwa kwa wakala. Haja ilikuwa ya kweli na wateja walikuwepo. Lakini gari linalopeleka kijijini vifurushi vya bei ndogo linakunywa mafuta yaleyale, na faida ya pakiti za sukari haijazi tangi. Kampuni ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji kwa miaka ile yote, na Mei 2024 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Kama kila oda inakuletea hasara, kuongeza oda ni kuongeza hasara. Natamani kila kijana aifanye hesabu hiyo kwa kalamu, kwa mzigo mmoja na mteja mmoja, kabla hajaandika neno lolote kuhusu mamilioni ya wateja atakaowapata ndani ya miaka mitano.

Kuna pia kampuni zilizokosea mteja mwenyewe. Mwaka 2021 Kune Food ilipata dola milioni moja ili kuwauzia watu wa Nairobi chakula kilichopikwa. Mfaransa aliyeianzisha alieleza kwamba baada ya siku chache jijini humo aliambiwa haiwezekani kupata chakula kizuri cha bei nafuu. Wakazi wa Nairobi walimjibu kwa hasira, nao walikuwa na haki: kila mtaa una kibanda chenye chapati, maharage na sukuma wiki, bei anaijua kila mtu, na mpishi anakujua kwa jina. Kune iliuza maelfu ya sahani kwa takriban dola 3 kila moja, chakula kikapanda bei, na Juni 2022 ikafungwa. Mshindani wake hakuwa kampuni nyingine ya chakula. Alikuwa mama mwenye sufuria mbili na mkaa, asiyelipa kodi ya ofisi.

Lakini mgeni kutouona mtaa ni jambo la kutarajiwa. Kinachonisikitisha zaidi ni sisi wenyeji kutouona, na nadhani chanzo kimojawapo ni adabu zetu. Kijana anakwenda sokoni na dodoso. Anamuuliza mama muuza mboga: “Shikamoo mama. Kukiwa na programu ya kukusaidia kutunza mahesabu, ungeitumia?” Mama anamtazama mtoto wa watu, msafi, amevaa beji, anajua ametumwa na chuo. Atamwambiaje hapana? “Marahaba, mwanangu. Ni kitu kizuri, Mungu awasaidie.” Kijana anaandika “ndiyo”. Jioni ana karatasi zimejaa ndiyo, na kwenye andiko la mradi zinageuka asilimia 90 ya wafanyabiashara wanaoihitaji huduma. Hakuna aliyedanganya. Mama ametoa heshima, kijana ameiandika kama oda.

Dawa yake ni kuacha kuuliza kuhusu kesho na kuuliza kuhusu jana. Mama, jana mzigo ulinunua wapi? Ulilipa taslimu au ulikopa? Nani anadaiwa na wewe sasa hivi, na unakumbukaje? Akikutolea daftari lililochakaa, umeona huduma yako ikiwa tayari ipo, na kazi yako ni kuipita. Akikwambia anakumbuka kichwani na hajawahi kupoteza deni kubwa, basi huenda tatizo ulilokuja nalo si lake. Na baada ya kuuliza, uza. Mwambie huduma inaanza wiki ijayo, kutanguliza ni shilingi 2,000. Atakayeifungua kanga yake na kuitoa hiyo elfu mbili amekujibu kwa uhakika kuliko dodoso lolote. Wasipoitoa, umeokoa mwaka mzima wa maisha yako.

Huduma yenyewe, kwa wiki za mwanzo, ifanye kwa mkono: daftari, simu yako na miguu yako. Wapo vijana wanaoona hilo ni kujishusha, kwamba mhandisi wa programu hawezi kushinda sokoni akibeba matenga. Mimi naona ndiko kusoma kwenyewe. Mambo yanayoua kampuni hayaonekani kwenye kompyuta: kwamba siku ya mnada hakuna anayepokea simu, kwamba mteja ana fedha jioni na asubuhi hana, kwamba anayeagiza ni mke na anayelipa ni mume. M-KOPA ilipoingia sokoni Kenya mwaka 2012 na umeme wa jua, ilikuta kaya ambazo tayari zinanunua mafuta ya taa kidogo kidogo, karibu kila siku. Ikauza mtambo kwa namna hiyohiyo: malipo ya kuanzia, kisha makumi machache ya shilingi za Kenya kwa siku kwa simu mpaka deni liishe. Mtambo huohuo ungeuzwa kwa bei yote siku moja, kaya nyingi za wanunuzi wale zisingeweza kuugusa.

Ukiwa karibu namna hiyo, unaweza hata kugundua kwamba watu wanakitumia kitu chako kwa kazi usiyoipanga. Wengi hudhani M-Pesa ilizaliwa kama tunavyoijua. Jaribio lake la mwaka 2005, Nairobi na Thika, lililosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, lilihusu wakopaji wa taasisi ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliosimamia jaribio walitazama miamala, wakaona watu wakitumiana fedha, wakilipiana mikopo, wakiweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya na kuyafunga. Badala yake waliuweka pembeni mpango wa mikopo, na Machi 2007 Safaricom ikaingia sokoni na ahadi moja nyepesi, kutuma pesa nyumbani, kazi ambayo kabla ya hapo watu waliwabebesha madereva na makondakta wa mabasi.

Kwetu, NALA ya Benjamin Fernandes ilianza mwaka 2017 ikiwarahisishia Watanzania menyu za pesa za simu, zifanye kazi hata bila bando. Mwaka 2021 ikageukia Waafrika Mashariki walio Uingereza wanaotuma fedha nyumbani. Hao walikuwa tayari wanalipa. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo sehemu ghali kuliko zote duniani kupokea fedha; kutuma dola 200 hukata kwa wastani kama asilimia 8. Nia ya kurahisisha fedha ilibaki, aliyebadilika ni mlipaji.

Sasa nirudi kwa wenye mashindano na wahisani, kwa sababu vijana wanacheza ngoma wanayopigiwa. Mkitoa zawadi kubwa kwa dakika tano za kujieleza, mtapata wazungumzaji wazuri, na jaji ndiye atakayekuwa mteja wao wa kwanza na wa mwisho. Zawadi ya mshindi mmoja ingetosha nauli na mzigo wa majaribio wa timu kadhaa. Wapeni fedha ya mzigo mmoja tu, kutoka Ilula mpaka Ilala. Warudi baada ya mwezi na daftari: mkulima alilipwa kiasi gani na lini, gari lilikula kiasi gani, matenga mangapi yalioza, nani alinunua taslimu na nani amekopa, na yupi kati yao ameagiza tena bila kupigiwa simu. Waiteni mwenye Fuso na mama wa Ilala wakae meza ya majaji. Timu yenye daftari lenye hasara iliyoelezwa vizuri ipewe fedha ya mzigo wa pili.