Sheria za bangi si mbili tu

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia vijiwe vya Sinza, Dar es Salaam, hadi studio za redio: kwamba dunia ina nchi za aina mbili, zilizoruhusu bangi na zilizoikataza. Mtetezi anasema Kanada wameruhusu na hakuna aliyekufa. Mpinzani anasema Kanada wameruhusu na vijana wao wameharibika. Wanabishana hadi usiku wa manane, na wote wamepotea njia moja. Kuruhusu nini? Kwa nani? Kuanzia lini? Bila majibu hayo, hakuna hata mmoja wao aliyesema jambo.

Tuangalie kilevi tunachokijua. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba. Pombe ilikuwa halali kabla ya siku hiyo, ikabaki halali baada yake. Mtafiti anayegawa sheria mafungu mawili, halali na haramu, angeandika kwamba mwaka ule hakuna kilichobadilika. Lakini kilibadilika kitu kikubwa: pakiti ndogo ya bei ya kutupa, iliyoingia kwenye begi la mwanafunzi bila mtu kujua, iliondolewa sokoni kisheria. Kipimo, bei na ufungashaji ndivyo vilivyoguswa, na afya ya watu huamuliwa huko.

Bangi nayo ni hivyo hivyo. Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, lakini mnunuzi wa famasi lazima ajisajili, na hapati zaidi ya gramu 40 kwa mwezi. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta faraghani. Biashara ya kuuza haikuruhusiwa. Ujerumani, tangu Aprili 2024, mtu mzima anaotesha miche mitatu nyumbani, ila maduka ya bangi ya starehe hayakufunguliwa. Colorado, maduka ya wafanyabiashara yalifunguka Januari 2014. Anayezitia zote hizi kapu moja kisha akatafuta "athari za kuruhusu" anajidanganya, na anatudanganya sisi.

Hata Kanada yenyewe haiingii kwenye fungu moja. Sheria ya taifa ilianza tarehe 17 Oktoba 2018, lakini Alberta inauza kupitia maduka binafsi kwa wenye miaka 18, na Québec kupitia shirika la serikali kwa wenye miaka 21. Zilipokuja bidhaa za bangi za kula, Québec ilikataa pipi za bangi; Ontario, Alberta na British Columbia zikakubali. Watafiti walilinganisha watoto wadogo waliolazwa hospitalini baada ya kula bangi bila kujua, wakakuta ongezeko kubwa zaidi katika majimbo yaliyokubali. Wangeihesabu Kanada kama nchi moja "iliyoruhusu", somo hilo lingepotea.

Tarehe nazo zina uzito. Jimbo la Washington lilipiga kura Novemba 2012, lakini maduka yakafunguliwa Julai 2014. Anayepima madhara ya maduka kuanzia siku ya kura anapima zaidi ya mwaka mzima ambao maduka hayakuwepo.

Na marufuku pia si moja. Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake. Mirungi ni dawa ya kulevya kwetu, lakini ukivuka mpaka kuingia Kenya inakuwa zao linalotambuliwa kisheria. Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kulima bangi kwa ajili ya dawa huku kuvuta kukibaki kosa. Hizo tuziweke fungu lipi?

Nasikia jibu: bangi ni bangi, na ubongo wa kijana wa Sinza hausomi Gazeti la Serikali. Ni kweli hausomi. Lakini sheria ndiyo inayoamua nguvu ya kinachouzwa, umri wa mnunuzi, matangazo yanayomfikia, na kama kijana huyo akichanganyikiwa atapelekwa Hospitali ya Palestina hapo Sinza au ataogopa polisi na kufichwa chumbani. Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikionya kuhusu skanka, bangi yenye nguvu kubwa ya kulevya kuliko ile ya kawaida. Sheria inayozihesabu kama kitu kimoja, na utafiti unaofanya hivyo, haviwezi kumlinda kijana huyo.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa watuandalie jedwali la wazi: kila nchi na kila jimbo, tarehe ya kupitisha sheria na ya kuanza kuitekeleza, nani anauza, umri, kiasi, nguvu, matangazo, adhabu. Na Bunge lisiiguse sheria yetu ya dawa za kulevya, kwa kulegeza wala kwa kukaza, kabla jedwali hilo halijawekwa mezani Dodoma.