Bibi Kizee Ndani ya Simu
Mpwa wangu wa Jinja, mwenye miaka 13, alinipa simu yake nijaribu Granny, gemu ya mwaka 2017: umefungiwa katika nyumba ya bibi kizee mwenye rungu, una siku 5 za kutoroka, na kila unachoangusha sakafuni anakisikia. Nilidumu dakika 4. Damu si hoja. Kinachokaza moyo ni ubao wa sakafu kulia, kisha kimya. Kijana alinicheka. Basi inatisha? Mimi imenitisha, na nimelelewa kwa hadithi za basezi, wachawi wa usiku wa Busoga wanaosemekana kula maiti, tulizosimuliwa gizani bila mtu kuuliza umri wetu. Na huko Mbale, imbalu, yaani tohara ya vijana, ikifunguliwa katika uwanja wa Mutoto kila mwaka wa shufwa, mvulana anayemzidi huyu miaka michache tu husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mwambie kwamba gemu ni kali mno kwake, uone atakavyokutazama! Ila huyo ana ukoo mzima nyuma yake, nasi gizani tulikuwa na bibi wa kweli wa kumng'ang'ania. Mwenye simu yuko peke yake chini ya shuka, saa 6 za usiku. Resident Evil 7, gemu iliyobandikwa umri wa miaka 18 huko Ulaya, simpi. Granny acheze: mchana, sebuleni, sauti ikisikika, na mdogo wake wa miaka 6 akiwa ameshapelekwa kwa jirani.