Nyumba Zetu: Khofu Ndani ya Unyumba

Ziko talaka ambazo sababu yake haitajwi mbele ya kadhi. Mume asema mke hamtaki. Mke asema mume ana mwengine. Na ukweli ni kwamba wawili hawa walishindwa na unyumba tangu mwezi wa kwanza, wakaona haya kuambiana. Jamaa wakaleta hirizi, mganga akamtaja jini, na mwaka ukapita.

Aghalabu shida hii huanza kwa jambo dogo. Mume amechoka, au ana mashaka ya kazi, na usiku mmoja mwili ukakataa. Usiku wa pili hamjii mkewe kwa mahaba, bali kwa mtihani: Je, leo nitaweza? Huwa mtazamaji wa mwili wake mwenyewe, na khofu ile ile ndiyo imnyimayo nguvu. Mke naye hunyamaa, akidhani amechukiwa.

Mambo hayo yalielezwa na Daktari William Masters na Bibi Virginia Johnson wa mji wa St. Louis, Marekani, katika kitabu walichokitoa mwaka 1970. Waliwaita mume na mke pamoja kwa majuma mawili, wakawasikiliza wakiwa wawili, mwanamume na mwanamke, ili kila mmoja apate wa kumfahamu. Kisha wakawakataza kitendo chenyewe! Waliamriwa kugusana tu kwa zamu, na kusema lipi lapendeza na lipi laudhi. Mtihani ulipoondoka, khofu nayo ilikosa pa kukaa. Kweli, wataalamu wale waliwatafutia wanaume wasio na wake wanawake wa kufanya nao mazoezi. Hilo kwetu ni zinaa, wala hatulitaki. Lakini mume na mkewe kusema yaliyomo moyoni hakuna lawama. Ummu Sulaym alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya janaba ya mwanamke aotaye, naye akamjibu.

Kwanza lakini aonwe daktari, kwani kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa huweza kuuzuia mwili. Na mke aonaye maumivu apimwe, asiambiwe avumilie. Pasipoonekana ugonjwa, atafutwe mshauri aliyesomea kazi hiyo, mwenye kuhifadhi siri. Na mume akikataa kwenda, mke na aende peke yake mara ya kwanza.