Kwa Kamati ya Leba ya Bunge la Taifa: Aliyefutwa kwa Dhuluma Arudishwe Kazini

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Awendo kuwaomba mrekebishe vipengele viwili vya sheria vinavyomkosesha mfanyakazi kazi yake hata baada ya kushinda kesi.

Kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa jaji uwezo wa kuamuru aliyefutwa arudishwe. Kifungu hichohicho kinamtaka akumbuke kwamba amri kama hiyo ni ya hali za kipekee kabisa. Inayobaki ni fidia, nayo haipiti mshahara wa miezi 12, uwe ulitumikia miaka 2 au 25.

Nairobi mtu huweza kupata mwajiri mwingine. Awendo imekua kandokando ya kiwanda cha sukari cha SONY, kilichoanza kusaga miwa 1979. Mfikirieni fundi wa kuchemsha sukari: huchota tone la uji mzito, akalipaka kwenye kioo, akaliinua kwenye mwanga aone chembe zimefikia wapi. Ujuzi huo huchukua miaka kuupata, na nje ya viwanda vya sukari hakuna anayeuhitaji. Fidia yake humezwa na karo na mkopo wa sacco, kisha anabaki na mikono mitupu katika mji huohuo.

Linaloniuma zaidi ni ukomo wa miaka 3. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya 2011 kinaruhusu mtu arudishwe ndani ya miaka 3 tu tangu afutwe. Kesi ikiahirishwa mara kwa mara, muda unayoyoma. Mwajiri hahitaji kushinda, kuchelewesha kunamtosha.

Tanzania, katika sheria yao ya ajira ya 2004, waliweka kwamba mwajiri akikataa amri ya kumrudisha mtu, alipe mishahara yote tangu siku ya kumfuta, na juu yake ya miezi 12.

Wakipinga mtu kurudishwa, waajiri husema uaminifu umeshavunjika. Kwa meneja anayekaa meza moja na mkurugenzi, huenda. Mwendesha trekta la miwa hata hajawahi kuonana na mkurugenzi huyo.

Ondoeni sharti la hali za kipekee katika kifungu cha 49. Na ile miaka 3 isimame kuhesabiwa siku kesi inaposajiliwa. Mkianza kukusanya maoni ya umma, njooni Awendo pia, maana wenye kesi hizi hawana nauli ya Nairobi.

Mkazi wa Awendo,
Kaunti ya Migori