Mimbari zisizo na shule zinatugharimu uhai wa watu

Jumapili asubuhi hapa Mkolani, Mwanza, huna haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Kuanzia barabara kuu ya Shinyanga hadi huko juu kwenye vilima vya mawe, yapo ya matofali yaliyojengwa kwa michango ya miaka mingi, na yapo ya mabati na maturubai yaliyobanwa katikati ya nyumba za kupanga, kila moja na spika yake. Wingi huo hatuulalamikii. Watu wa Mwanza wanamtafuta Mungu na ni haki yao. Tunachopigia mbiu leo ni hatari nyingine: mimbari zinaota kila mtaa, na anayesimama juu yake mara nyingi hajawahi kukaa mbele ya mwalimu akafundishwa kuyasoma Maandiko anayoyahubiri. Waumini nao wamezoeshwa kutouliza.

Chukua sehemu moja tu ya Biblia. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 10, Yesu anawaonya wanafunzi wake juu ya maadui watakaotoka ndani ya nyumba ya mtu mwenyewe. Hilo ni andiko linalopendwa mno kwenye mikesha ya maombezi. Anasimama mama aliyefiwa na watoto, au kijana ambaye biashara yake ya dagaa imekufa. Mhubiri anasoma mstari, anafumba macho, kisha anatangaza kwamba anamwona adui: yumo ndani ya ukoo, ni mwanamke, ni mtu mzima. Jina hataji, wala hana haja ya kulitaja. Yule mama anarudi nyumbani, anamtazama mama mkwe wake aliyekaa jikoni, mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya kupikia miti ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moyoni mwake kesi imekwisha kuhukumiwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha Biblia angesimama kulipinga hilo. Angeonyesha kwamba katika sura ile Yesu anawatuma mitume kumi na wawili, na anawaandaa kwa siku ambayo ndugu zao wenyewe watawakataa na kuwatoa wauawe kwa sababu ya kumfuata yeye. Angeonyesha kwamba maneno hayo yanamwitikia nabii Mika, sura ya 7, aliyekuwa akililia jamii ambayo kuaminiana kumekufa ndani yake. Hakuna bibi mchawi katika sura hiyo. Aliyesalitiwa na watu wa nyumbani mwake ndiye Yesu anayemfariji. Kwa hiyo bibi anayenyooshewa kidole na wajukuu zake yuko upande wa wanaoteswa, na anayemnyooshea kidole ndiye adui wa nyumbani. Mhubiri asiyefundishwa ameligeuza andiko juu chini, na amelitia mikononi mwa watu wenye mapanga.

Hatutii chumvi. Usukumani, mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi yamekuwa aibu yetu kwa miongo kadhaa. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kuhesabu vifo vya namna hiyo nchini kwa mamia katika mwaka mmoja. Kanda hii hii ndiyo iliyotangaza jina la Tanzania duniani kwa ukatili dhidi ya watu wenye ualbino kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Waganga wapiga ramli wamebebeshwa lawama, na wanastahili kuibeba. Lakini lazima tuseme wazi kwamba ramli inapigwa pia mbele ya madhabahu, kwa jina la unabii, na anayeipiga anaitwa mtumishi wa Mungu.

Majirani zetu wameshalipa kwa bei kubwa. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya kanisa walilofungiwa. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliodaiwa kufundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alifunguliwa mashtaka na akayakana. Nasi hapa nyumbani, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja mmoja mjini Moshi wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Watu hao walikuwa kama watu wa Mkolani.

Tunajua jibu litakalotolewa, na katika mji wa wavuvi lina mvuto wake. Petro alikuwa mvuvi, wanasema, hakuwa na shahada, na elimu nyingi huzima moto wa Roho. Ni kweli Petro alikuwa mvuvi. Lakini alikaa na Mwalimu wake kwa miaka, mchana na usiku, akiuliza, akikosea na kukemewa mbele ya wenzake. Hayo ni mafunzo ambayo wengi wanaojiita mitume leo hawajayapata hata kwa wiki moja. Baadaye Paulo, aliyesomeshwa na Gamalieli, alimpinga Petro hadharani kule Antiokia, na Kanisa likapona kwa sababu walikuwapo watu wawili wenye uwezo wa kubishana juu ya Maandiko. Na huyo Paulo, akiwa mfungwa anayengoja kifo, alimwandikia Timotheo amletee vitabu vyake. Moto wa Roho haukuzimika kwa vitabu hivyo.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo hatutalikwepa. Miongoni mwa viongozi wa Kanungu alikuwamo padri Dominic Kataribabo, msomi aliyepata shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Marekani. Nyumbani kwake kulifukuliwa miili. Basi cheti peke yake hakiokoi mtu. Tunakubali, na hapo ndipo ilipo hoja yetu. Kule Kanungu waumini walikatazwa kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Usomi wa kiongozi wao ulibaki kichwani mwake, hauna wa kuusaili. Tunapodai theolojia Mkolani hatudai karatasi ya kutundika ofisini kwa mchungaji. Tunadai desturi ya kanisa zima kusoma pamoja, kuhojiana na kusahihishana, ili mhubiri akipotoka apatikane katekista, mama wa kwaya au kijana wa shule wa kumwambia: Baba Mchungaji, sura hiyo haisemi hivyo.

Na watu wa ziwa hili tusijifanye kwamba elimu hii ni ya wageni. Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa Kashenye, aliandika juu ya kanisa na ukoo wa Kihaya, yaani swali lile lile la nyumbani na imani, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Charles Nyamiti wa Ndala, Tabora, mwaka 1984 alitoa kitabu kinachomweleza Kristo kama mhenga wetu, akiwaambia wasomi wa dunia kwamba heshima tunayowapa waliotutangulia inaweza kutufundisha kitu juu ya Mungu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Rubya, aliandika riwaya ya Myombekere kwa Kikerewe, na elimu ile ya seminari ndiyo iliyompa zana za kuhifadhi maisha ya watu wake. Mwalimu Nyerere, mlei wa Butiama, alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996. Mtu aliyeongoza nchi alipata muda wa kukaa na Injili, mstari kwa mstari. Mzee wa kanisa wa Mkolani anashindwaje?

Tumtaje kwa kirefu kidogo padri Laurenti Magesa wa jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, kwa sababu yeye anatugusa moja kwa moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika na maadili yake, anaonyesha kwamba kipimo cha wahenga wetu kilikuwa uhai. Kinachoujenga uhai wa mtu na jamaa yake ni chema, kinachoubomoa ni kibaya. Hakuwadharau watu wanaoogopa uchawi. Alitaka tuelewe hofu hiyo inasema nini juu ya wivu, ubinafsi na mahusiano yaliyovunjika. Mpe mhubiri wa mkesha kipimo hicho, ajiulize kabla ya kufungua kinywa: neno nitakalosema sasa litamwongezea nani uhai, na litampunguzia nani? Angejiuliza hivyo, yule mama mkwe angelala salama. Lakini Magesa aliandika kwa Kiingereza na alifundisha Nairobi, na Nyamiti vivyo hivyo. Wanasomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Katika duka la vitabu vya dini la kawaida mjini Mwanza utapata kalenda, rozari, tenzi na vijitabu vya namna ya kupata mafanikio. Wana wetu waliofikiri kwa niaba yetu hutawaona rafuni. Hili ni jeraha, na majimbo na dayosisi zetu zina uwezo wa kulitibu kwa kulipia tafsiri.

Watu weusi wa Marekani walipita njia hii kabla yetu, katika hali ngumu kuliko yetu. Daniel Payne, aliyezaliwa Charleston mwaka 1811, alifunga shule yake mwaka 1835 baada ya jimbo lake kupiga marufuku kuwafundisha watu weusi kusoma. Baadaye alipotaka wahubiri wa kanisa la Methodisti la watu weusi, AME, wasome, walikuwapo ndani ya kanisa hilo waliomshutumu kuwa anataka kuua imani. Hakurudi nyuma. Mwaka 1844 mkutano mkuu wa kanisa hilo ulipitisha utaratibu wa masomo kwa wahubiri, na mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Payne aliliongoza kukinunua chuo cha Wilberforce huko Ohio. Watu ambao ndugu zao walikuwa bado utumwani waliona kwamba shule ya wahubiri haiwezi kungoja uhuru uje kwanza. Sisi tunangoja nini?

Wapo wanaotaka serikali iingie. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 ikidai shahada ya masomo ya dini kwa viongozi wa nyumba za ibada, ikawapa miaka mitano, na mwaka 2024 ikafunga maelfu ya nyumba hizo kwa sababu mbalimbali, zikiwamo za usalama wa majengo. Hatuipendekezi njia hiyo. Dola inayopima leo shahada za wachungaji, kesho itapima mahubiri yao, na mhubiri anayekemea dhuluma ndiye atakayefeli mtihani. Kazi ya serikali ni kumkamata anayechochea mauaji au kumwachisha mgonjwa dawa, na kazi hiyo ifanywe bila kuogopa joho. Kusomesha ni wajibu wa makanisa yenyewe.

Na nafasi ipo hapa hapa. Malimbe, jirani kabisa na Mkolani, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichoanza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo Nyegezi na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Kinabeba jina la msomi wa Afrika Kaskazini ambaye Kanisa lote la Magharibi lilijifunza kutoka kwake. Kule Nassa, ambako Africa Inland Mission ilianza kazi mwaka 1909, kanisa la Africa Inland Tanzania (AICT) lina chuo chake cha theolojia. Tunawaomba wakuu wa taasisi hizi wafungue madarasa ya jioni na ya Jumamosi, kwa Kiswahili, kwa ada ambayo mwinjilisti muuza mitumba anaweza kuilipa, bila kumuuliza ni wa dhehebu gani. Mtu hawezi kuacha familia miaka mitatu aende chuoni. Saa mbili kila Jumamosi atazipata.

Makatekista na wainjilisti wakumbukwe kwanza. Hao ndio wanaofundisha watoto, wanaozika, wanaoitwa usiku wagonjwa wanapozidiwa, na ndio wanaolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa. Parokia na sharika zinazochangisha mamilioni kwa vigae na vyombo vya muziki ziweke katika bajeti ya mwaka ujao fungu la kusomesha walau mtu mmoja, na jingine la kununua vitabu vya maktaba ambayo muumini yeyote ataingia. Kamati ya ujenzi ikisema fedha hazitoshi, vigae vingoje.

Nawe muumini wa Mkolani, kuuliza si ujinga wala si uasi. Jumapili ijayo ibada ikiisha, mwendee mchungaji wako kwa heshima. Muulize amesomea wapi, ni nani anayemsahihisha akikosea, na ninyi mchange kiasi gani ili aendelee kusoma. Akifurahi, mmepata mchungaji, mshikeni. Akikutisha kwa laana kwa sababu tu umeuliza, mchukue mwanao mkatafute kanisa jingine. Na kama mtaani kwenu yupo bibi ambaye ameanza kunong'onwa baada ya mkesha wa maombezi, usingoje Jumapili. Nenda leo kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi, umtaje yeye kuwa yuko hatarini, na umtaje pia aliyeanzisha mnong'ono huo.